Nondo wenye mataya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Micropterigidae, familia ya nondo wadogo wanaoruka mchana, ambao wengi wetu hatujawahi kuwasikia hata kwa jina. Umeandikiwa mwanafunzi, mwalimu na yeyote anayependa wadudu na angependa kujua kwa nini kundi dogo hivi linachukua nafasi kubwa hivi katika elimu ya uainishaji. Majina ya kisayansi yameachwa yalivyo, kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia ukitaka kutafuta zaidi.

Micropterigidae ni wadudu gani?

Ni nondo, yaani wamo katika oda ya Lepidoptera pamoja na vipepeo na nondo wengine wote. Wengi wana upana wa mbawa usiofika sentimita moja na nusu, na baadhi hawafiki hata nusu sentimita. Kichwa chao kina manyoya yaliyosimama ovyo, vipapasio vyao ni vyembamba, na mbawa zao mara nyingi hung'aa kwa rangi ya dhahabu, shaba au zambarau, wakati mwingine zikiwa na mistari myeupe.

Hesabu ya Lepidoptera wote iliyochapishwa mwaka 2011 iliwapa Micropterigidae spishi 160 hivi katika jenasi 21. Oda nzima ilikuwa na spishi zaidi ya 157,000. Kwa hiyo tunazungumzia takriban spishi moja katika kila elfu. Tangu hapo wameelezwa wengine, lakini uwiano huo haujabadilika sana.

Kwa nini wanaitwa nondo wenye mataya?

Kwa sababu wanatafuna. Nondo na vipepeo tunaowafahamu hunywa kwa mrija mrefu unaojiviringa chini ya kichwa, na wale wasio na mrija unaofanya kazi hawali kabisa wakishakuwa wadudu wazima. Mdudu mzima wa Micropterigidae hana mrija huo. Ana mataya mawili ya kweli yenye meno, yanayokwenda kushoto na kulia kama ya panzi au mende.

Ndani ya mdomo wake mna kifuko chenye miiba midogo kinachosaidia kusaga. Chakula chake ni punje za chavua na spora, na punje hizi zina ganda gumu. Bila kuzipasua, mdudu hapati kitu. Utaratibu huu wote, mataya na kisagio, umo ndani ya kichwa ambacho unahitaji hadubini ili ukione sawasawa.

Mataya yanaonekana hata kwenye bundo. Kiwavi akishajifungia ndani ya kifuko chake cha hariri na kugeuka bundo, mataya ya bundo hilo hufanya kazi: ndiyo yanayokata kifuko ili nondo atoke. Kwa nondo wengi wa kawaida hili haliwezekani, kwa kuwa bundo lao limefungwa kama jiwe na halina taya la kutumia.

Hula chavua ya mimea gani?

Inategemea jenasi. Jenasi ya Micropterix, iliyoenea Ulaya, Afrika ya Kaskazini na sehemu za Asia, hupenda maua yaliyo wazi na yenye chavua nyingi. Micropterix calthella, mwenye upana wa mbawa wa milimita 8 hadi 10 hivi, huonekana Uingereza wakati wa majira ya kuchipua akiwa amejazana na wenzake ndani ya maua ya njano ya Ranunculus, au juu ya mimea ya jamii ya ndago. Ua moja laweza kuwa na kundi zima, wote wakila na kupandana.

Jenasi ya Sabatinca, ya New Zealand na New Caledonia, ina tabia nyingine. Wengi wao hula spora za kangaga. Lakini huko New Caledonia mwaka 1985 watafiti walichapisha katika jarida la Science taarifa kwamba nondo wa Sabatinca huchavusha maua ya Zygogynum, mti wa familia ya Winteraceae. Nondo hukusanyika uani, hula chavua na hutumia ua hilohilo kuwa mahali pa kupandana. Winteraceae wenyewe ni mimea ya ukoo wa kale miongoni mwa mimea ya maua. Ndiyo maana taarifa ile ilisisimua watu: huenda hapa tunaona mfano wa jinsi wadudu na maua walivyoanza kushirikiana kabla ya mrija na mbochi kutawala. Neno "huenda" lina uzito hapo, kwa sababu mdudu wa leo na ua la leo wote wamebadilika tangu zama hizo.

Na viwavi vyao?

Viwavi huishi chini, mahali penye unyevu wa kudumu: kwenye udongo, majani yaliyooza, na juu ya mawe ya kandokando ya vijito. Baadhi hula mabaki ya mimea na nyuzi za kuvu. Wengine hula hepatiki, yaani ile mimea midogo isiyo na mishipa wala maua, inayotanda kama ngozi ya kijani kwenye mawe na udongo uliolowa. Viwavi vya Sabatinca ukivikata kwa mkato wa kupitia kiunoni utaona umbo la pembe sita, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa kiwavi.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika uwanja huu ulifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2011. Watafiti walifuatilia spishi za huko ambazo viwavi vyake hutegemea hepatiki aina ya Conocephalum conicum. Kwa kawaida, tukiona wadudu wanaokula mimea wamegawanyika kuwa spishi nyingi, tunatarajia kukuta kwamba kila spishi imehamia mmea wake. Huko Japani haikuwa hivyo. Spishi zilikuwa nyingi, chakula ni kilekile, na kila moja ilikuwa na eneo lake. Kilichozitenga ni milima na mabonde. Nondo hawa hawasafiri mbali, na wakitengwa na eneo kavu wanakaa wametengwa kwa muda mrefu, hadi wanakuwa spishi mbalimbali bila kubadilisha mlo hata kidogo.

Kwa anayesoma mageuko ya viumbe, hilo ni somo zito. Tumezoea kueleza wingi wa wadudu kwa wingi wa vyakula vyao, na hapa kuna kundi linalosema kwamba ardhi yenyewe inatosha.

Wana nafasi gani katika uainishaji wa Lepidoptera?

Lepidoptera hugawanywa katika nusuoda nne. Zeugloptera ina familia moja tu, Micropterigidae. Aglossata ina familia moja, Agathiphagidae. Heterobathmiina nayo ina familia moja, Heterobathmiidae. Nusuoda ya nne, Glossata, ina wote waliobaki: kila kipepeo, kila nondo wa taa, nondo wa nguo, viwavijeshi wanaomaliza mahindi, nondo wa hariri. Wote hao ni Glossata.

Mgawanyo huu humshangaza mtu anapouona kwa mara ya kwanza. Familia tatu ndogo zimepewa nusuoda tatu, na familia zaidi ya 120 zimewekwa katika nusuoda moja. Lakini uainishaji wa kisasa haugawi nafasi kwa kuhesabu vichwa. Unauliza nani aliachana na nani, na lini. Matawi matatu ya kwanza yaliachana na mengine mapema sana, kabla mrija wa kufyonza haujatokea. Mrija ulitokea mara moja, katika shina la Glossata, na ndiyo sababu nusuoda hiyo ikawa kubwa kiasi hicho.

Agathiphagidae na Heterobathmiidae ni akina nani?

Agathiphagidae wana jenasi moja, Agathiphaga, yenye spishi mbili, zote zilizoelezwa na Dumbleton mwaka 1952: moja ya Queensland nchini Australia na nyingine ya visiwa vya Pasifiki kama Fiji. Viwavi vyao huishi ndani ya mbegu za miti ya Agathis, miti mikubwa ya jamii ya misonobari. Nondo mzima hafanani na nondo. Ukimwona ungedhani ni mdudu wa oda ya Trichoptera, ile ya wadudu wenye mbawa za manyoya ambao viwavi vyao huishi majini.

Heterobathmiidae nao wana jenasi moja, Heterobathmia, iliyoelezwa na Kristensen na Nielsen mwaka 1979 kutoka kusini mwa Amerika ya Kusini. Wazima hula chavua ya miti ya Nothofagus kwa mataya yao, na viwavi huchimba njia ndani ya majani ya miti hiyohiyo. Fikiria: tawi zima la ukoo wa nondo, mojawapo ya manne yaliyopo duniani, halikujulikana mpaka mwaka 1979.

Ni kweli kwamba Micropterigidae waliwahi kutolewa kabisa katika Lepidoptera?

Ndiyo, na si mara moja.

Linnaeus alipomweleza calthella mwaka 1761 alimweka pamoja na nondo wengine wote bila wasiwasi. Baadaye, wataalamu walipoanza kupasua vichwa vya wadudu hawa, mashaka yakaingia. Nondo mwenye mataya ni nondo kweli?

Mwaka 1917 ilichapishwa makala ya T. A. Chapman, daktari aliyesomea pia wadudu, akidai kwamba wadudu hawa wanastahili oda yao wenyewe. Akaiita Zeugloptera. Mmarekani John Henry Comstock, aliyekuwa bingwa wa kusoma vena za mbawa, aliona wanafanana zaidi na Trichoptera na akataka wahamishiwe huko. Alikuwa na sababu: mbawa za mbele na za nyuma za Micropterigidae zina mpangilio wa vena unaokaribiana sana, na zinashikana kwa kikunjo kidogo kilicho kwenye kitako cha bawa la mbele, si kwa unywele mgumu unaotumiwa na nondo wengi. Katikati ya karne ya 20, H. E. Hinton wa Uingereza aliunga mkono tena hoja ya kuwapa oda yao.

Aliyetuliza mjadala ni Niels Peder Kristensen wa Copenhagen (1943–2014). Alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza maumbile ya nondo hawa kwa undani ambao hakuna aliyewahi kuufikia: misuli ya kichwa, kifua, viungo vya uzazi, kila kitu. Hoja yake ilikuwa rahisi kuisema ingawa ilikuwa ngumu kuithibitisha. Mataya ni sifa ya kale. Wadudu wengi sana wanayo, kuanzia panzi hadi mchwa, na wahenga wa Lepidoptera walikuwa nayo. Kuendelea kuwa na sifa ya kale hakuthibitishi kwamba wewe si wa ukoo huu. Kunathibitisha tu kwamba hukuipoteza. Undugu hupimwa kwa sifa mpya ambazo makundi yamezirithi pamoja. Na Micropterigidae wana sifa hizo mpya za Lepidoptera, kuanzia magamba bapa yanayofunika mbawa hadi orodha ndefu ya vipengele vya ndani ya mwili. Basi ni Lepidoptera.

Jina alilolitoa Chapman halikutupwa. Zeugloptera ilishushwa kutoka oda hadi nusuoda, na hapo ndipo ilipo mpaka sasa.

Basi hawa ndio mababu wa vipepeo?

Hapana. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, hata katika maandishi mazuri, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kurekebishwa kwanza.

Micropterigidae wa leo wameishi muda uleule waliouishi vipepeo wa leo tangu matawi yao yaachane. Hakuna aliyesimama akamngoja mwenzake. Ni kama binamu wawili wa babu mmoja: mmoja aliyebaki kijijini hawezi kuitwa babu wa aliyehamia mjini, hata kama bado analima kwa jembe la babu. Nondo hawa wamehifadhi mataya ya wahenga, lakini mengine mengi katika miili yao ni mapya na ni yao wenyewe. Lile umbo la pembe sita la kiwavi cha Sabatinca, kwa mfano, hatuna sababu ya kulidhania kuwa umbo la kiwavi cha kwanza duniani.

Kwa hiyo maneno kama "nondo wa zamani" au "kisukuku kilicho hai" yatumiwe kwa uangalifu. Ukisema "tawi lililoachana mapema" umesema ukweli wote unaohitajika.

DNA inasema nini?

Kwa jumla inakubaliana na Kristensen, jambo linalonifanya niiheshimu zaidi kazi ya mtu aliyefikia jibu kwa kisu kidogo na hadubini.

Uchambuzi mkubwa unaotajwa sana ni wa Akito Kawahara na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la PNAS. Walitumia jeni 2,098 kutoka spishi 186 za Lepidoptera. Kwa makadirio yao, Lepidoptera walianza kugawanyika miaka milioni 300 hivi iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Kaboni, na viwavi vya wakati ule vilikula mimea ya nchi kavu isiyo na mishipa. Mrija wa kufyonza ulitokea miaka milioni 241 hivi iliyopita, katikati ya kipindi cha Triasi.

Palipo na ubishi ni jinsi ya kuwapanga Micropterigidae na Agathiphagidae. Kwa maumbile, Micropterigidae hutoka kwanza, kisha Agathiphagidae. Baadhi ya chambuzi za jeni zimewaweka wawili hao pamoja kama ndugu, tawi moja linalokabiliana na Lepidoptera wengine wote. Mpangilio wa matawi yaliyoachana zamani hivyo ni mgumu kuupata, kwa sababu alama za mwanzo katika DNA zimefunikwa na mabadiliko ya baadaye mara nyingi mno. Ukikuta vitabu viwili vinapingana hapa, usidhani kimoja kimekosea chapa.

Uhusiano wao na Trichoptera ni upi, basi?

Comstock hakuota. Trichoptera, wadudu ambao viwavi vyao huishi majini na wengi hujijengea nyumba za mchanga au vijiti, ndio oda ndugu wa Lepidoptera. Wana mengi ya kushirikiana. Mojawapo ni kwamba katika oda zote mbili jike ndiye mwenye kromosomu za jinsia zisizolingana, kinyume na binadamu. Mbawa za Trichoptera zina manyoya, za Lepidoptera zina magamba, na gamba kwa asili yake ni unywele uliopanuka. Kwa kuwa Micropterigidae waliachana na wenzao mapema, ni jambo la kutarajiwa wafanane na oda ndugu kuliko vipepeo wanavyofanana nayo.

Kuna visukuku vinavyoonyesha historia hii?

Vipo, ingawa nondo hawaachi mabaki kwa urahisi. Miili yao ni laini na magamba hupukutika.

Bawa la zamani zaidi linalokubalika kuwa la Lepidoptera ni la Archaeolepis mane kutoka Dorset, Uingereza, la mwanzoni mwa kipindi cha Jura, lililoelezwa na Whalley mwaka 1985. Whalley huyohuyo alieleza mwaka 1978 Parasabatinca, nondo aliyehifadhiwa ndani ya kaharabu ya Lebanoni. Kaharabu ya eneo la Baltiki nayo ina nondo wa Micropterix, wadogo na wakamilifu.

Kisha mwaka 2018 kukatokea habari kubwa. Watafiti waliokuwa wakichunguza mashapo yaliyotobolewa ardhini huko Schandelah, kaskazini mwa Ujerumani, walikuta magamba ya nondo yenye umri wa miaka milioni 200 hivi, ya mpaka wa Triasi na Jura. Baadhi ya magamba yalikuwa na uwazi ndani. Magamba ya Micropterigidae hayana uwazi. Yenye uwazi ni ya kundi lililo ndani ya Glossata. Maana yake, nondo wenye mrija walikuwapo tayari, na mabaki ya maua yanayokubalika na wengi ni ya kipindi cha Kretasia, mamilioni mengi ya miaka baadaye. Mrija haukutokea kwa ajili ya maua. Watafiti hao walipendekeza kwamba ulianza kwa kunywa maji na matone matamu yatokayo kwenye mimea isiyo na maua, katika hali ya hewa yenye ukame.

Ukiyaweka haya pamoja na mataya ya Micropterigidae, unaona hatua mbili za jambo moja: kula chavua kwa kutafuna, halafu kunywa kwa kufyonza, na maua yakakuta yote mawili yapo.

Rangi zao za metali hutoka wapi?

Si rangi ya kupaka. Gamba lao ni utando mwembamba mno wa khitini, na mwanga unapoakisiwa na uso wa juu na uso wa chini wa utando huo, mawimbi yake hukutana na kuongezeana au kufutana. Unene wa utando ndio unaoamua kama utaona dhahabu au zambarau. Magamba ya vipepeo yanayong'aa yana majengo ya ndani yenye utata zaidi; haya ya Micropterigidae ni ya njia rahisi kuliko zote.

Je, wapo Afrika?

Wapo. Afrika Kusini ina jenasi yake ya pekee, Agrionympha, iliyoanzishwa na Edward Meyrick mwaka 1921. Meyrick alikuwa mwalimu wa shule nchini Uingereza ambaye alieleza maelfu kwa maelfu ya spishi za nondo wadogo, wengi wao kutoka makoloni, kwa vielelezo alivyotumiwa kwa posta. Mwaka 2011 Kristensen na George Gibbs wa New Zealand waliipitia upya jenasi hiyo yote na kuongeza spishi mpya. Agrionympha ni wadogo hata kwa kipimo cha familia hii, na viwavi vyao huishi kwenye hepatiki za mahali penye unyevu. Kaskazini kabisa mwa bara, pwani ya Mediterania, wapo wa jenasi ya Micropterix.

Kati ya ncha hizo mbili kuna bara zima. Watu hutaka kujua habari za Usambara, Uluguru, Aberdare au Rwenzori, kwa kuwa misitu hiyo ina ukungu, kangaga na hepatiki tele. Orodha ya jenasi zilizoelezwa haina ya Afrika ya Mashariki. Ni swali zuri la kumpa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye subira na magoti imara, na lingehitaji fedha kidogo kuliko tafiti nyingi: wavu laini, kioo cha kukuzia, na muda wa kukaa msituni asubuhi.

Nondo wadogo wote ni kundi moja?

Hapana. Wakusanyaji wamezoea kugawa Lepidoptera kuwa "wadogo" na "wakubwa", na mgawanyo huo unasaidia kupanga makabati, lakini si wa undugu. Nepticulidae, ambao baadhi yao wana upana wa mbawa wa milimita 3 hivi, ni wadogo kuliko Micropterigidae wengi, na bado ukoo wao uko karibu zaidi na kipepeo kuliko na Micropterigidae. Vipepeo wenyewe ni tawi moja lililo ndani ya nondo. Udogo umetokea mara nyingi katika matawi tofauti.

Wanaharibu mazao au nguo?

Hawaharibu chochote.

Mbona naona tahajia mbili, Micropterix na Micropteryx?

Hübner, mtaalamu wa wadudu aliyeipa jenasi hiyo jina, aliandika Micropterix mwaka 1825, na waliokuja baada yake wakaona alipaswa kuandika kwa y ili kufuata Kigiriki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulinda tahajia ya kwanza, kwa hiyo iliyo halali ni ya Hübner. Ukitafuta maandishi ya karne ya 19, jaribu zote mbili.

Bado kuna makundi ya namna hii yanayogunduliwa?

Ndiyo. Marekani na Kanada, nchi ambazo wadudu wake wamechunguzwa mno, zilipata spishi mpya ya Micropterigidae, Epimartyria bimaculella, mwaka 2012. Mwaka 2015 ikatangazwa familia mpya kabisa ya nondo, Aenigmatineidae, kutoka Kangaroo Island nchini Australia. Si Micropterigidae, ni Glossata, lakini tawi lililoachana mapema. Spishi yake, Aenigmatinea glatzella, ni nondo mdogo wa rangi ya dhahabu na zambarau anayeishi kwenye misonobari ya Callitris, na mzima wake huishi siku moja tu hivi. Kristensen alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala hiyo, iliyotoka baada ya kifo chake.

Nitawatafutaje, na nikimpata mmoja nifanye nini?

Usiwashe taa usiku. Wengi wa nondo hawa huruka mchana, hasa asubuhi jua linapopenya kwenye majani. Nenda mahali ambapo udongo haukauki mwaka mzima: kando ya kijito cha msituni, chini ya maporomoko madogo, kwenye kingo zenye hepatiki na kangaga. Pitisha wavu taratibu juu ya kangaga zenye spora zilizokomaa, na chungulia ndani ya maua yenye chavua ya wazi. Kiwavi unaweza kumtafuta kwa kuinua kipande kidogo cha hepatiki na kukitazama kwa kioo, kisha ukirudishe palepale.

Ukimpata nondo mdogo anayeng'aa, mwenye kichwa cha manyoya na asiye na mrija, piga picha ya upande na ya juu kabla hajaruka. Andika mahali, mwinuko, tarehe, na mmea aliokuwa juu yake. Bila taarifa hizo kielelezo hupoteza karibu thamani yake yote. Picha peke yake haitoshi kuthibitisha spishi, kwa sababu wengi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vinavyoonekana kwa hadubini, au kwa DNA. Kwa kukusanya utahitaji kibali cha wenye msitu na cha mamlaka ya utafiti ya nchi yako. Ukishakipata, hifadhi kielelezo kimoja kikavu na kingine katika alkoholi, na upeleke vyote viwili kwenye makumbusho ya taifa au idara ya zoolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, pamoja na kipande cha mmea ulipomkuta.